Kichwa Kiliachwa Nje ya Dispensari

Kuna tusi moja kila mtu aliyekulia Nairobi analijua. Ukifanya kitu hakieleweki, beshte yako anakwambia, "Wewe unafaa kupelekwa Mathare." Haongelei mtaa. Anaongelea hospitali, ile iko kando ya Thika Road ukitoka Pangani ukielekea Muthaiga, ambayo jina lake rasmi ni Mathari. Watu wanacheka, stori inaendelea.

Mimi nikilisikia hilo tusi naona ramani ndani yake. Linasema hivi: shida ya akili ina mahali pake pamoja, pana ukuta na geti, na ukionekana huko jina lako limeisha. Dispensari ya mtaani ni ya malaria, tumbo, chanjo na kina mama wajawazito. Mwili unatibiwa karibu na nyumbani. Kichwa kinapandishwa gari.

Hiyo ramani haikuanguka kutoka mbinguni. Kuna watu waliichora, na tunajua walianza mwaka gani.

Ilikuwa 1910. Nairobi yenyewe ilikuwa bado changa, reli ilikuwa imefika 1899 tu. Serikali ya kikoloni ilikuwa na majengo ya kutengea watu wenye ndui, na ikaamua kuyageuza kuwa nyumba ya wazimu. Hebu fikiria hapo kidogo. Mahali palipojengwa ili watu wasiambukizane ugonjwa ndipo palipoonekana panafaa mtu anayesikia sauti au aliyeacha kula kwa sababu ya huzuni. Wazo tangu siku ya kwanza lilikuwa kutenga. Kutibu kulikuja baadaye, na kulikuja polepole. Mwaka wa 1924 pakabadilishwa jina pakawa Hospitali ya Wagonjwa wa Akili ya Mathari, na baada ya Uhuru, 1964, ikabaki Hospitali ya Mathari tu.

Ndani yake kulikuwa na ubaguzi kama kila mahali pengine katika koloni. Wazungu upande wao, Wahindi upande wao, Waafrika upande wao, na msongamano uliwapata Waafrika. Na Mwafrika alifikaje huko? Hakupanga miadi. Mara nyingi alifika kwa sababu alivuruga amani: alipiga kelele sokoni, alichoma kitu, alipigana, polisi wakamshika. Mlango wa kuingilia matibabu ya akili ulikuwa polisi na mahakama. Mama aliyekaa kijijini miezi sita halali, halii, haongei, huyo hakumsumbua DC, kwa hivyo hakuna aliyemwona.

Shikilia huyo mama. Tutamrudia.

Mwaka wa 1938 Mathari ikapata mkuu mpya, daktari anayeitwa J. C. Carothers. Alikuwa amefanya kazi Kenya kama daktari wa kawaida tangu mwisho wa miaka ya 1920, na alipopewa hospitali ya akili hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Aliisomea baadaye, akiwa tayari bosi. Alikaa pale mpaka 1950, na akiwa pale alifanya kitu ambacho watafiti hufanya: alihesabu. Alichukua rekodi za Waafrika walioletwa Mathari, akaangalia ni wangapi na wana shida gani, akapata ni wachache sana, na kati yao wenye huzuni nzito ni wachache zaidi.

Akatoa hitimisho gani? Kwamba Mwafrika hapati huzuni ya aina hiyo kwa urahisi. Kwamba ubongo wake wa mbele hautumiki kama wa Mzungu. Aliandika kabisa kwamba akili ya Mwafrika inafanana na ya Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata sehemu ya mbele ya ubongo. Sio utani. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilimchapishia kitabu kizima kuhusu akili ya Mwafrika, na 1954 serikali ya koloni ikamtumia tena aeleze saikolojia ya Mau Mau. Kwamba watu walitaka mashamba yao ilikuwa, inaonekana, dalili ya ugonjwa. Frantz Fanon, ambaye mwenyewe alikuwa daktari wa akili huko Algeria, alimchambua vizuri katika kitabu chake cha 1961.

Wengi wakisimulia hii stori wanaishia kwa ubaguzi, na ni kweli ubaguzi upo pale hauhitaji miwani. Lakini kuna kosa lingine ndani yake ambalo mimi naona ndilo limeishi zaidi, kwa sababu hata sisi wenyewe tumelirithi. Carothers alihesabu akiwa amekaa kwenye geti la Mathari. Aliyemwona ni yule polisi waliyemleta. Yule mama hakupita hapo, na kwa sababu hakupita, ikaandikwa kwamba hayupo.

Ukihesabu samaki ukiwa umesimama sokoni, utasema ziwa halina dagaa wadogo.

Sasa turuke mpaka baada ya Uhuru. Kuanzia miaka ya 1960 serikali ilianza kufungua wodi ndogo za akili nje ya Nairobi, Port Reitz huko Mombasa, Nakuru, Nyeri, Machakos na kwingine. Hiyo ilikuwa hatua, siwezi kuidharau, lakini bado ilikuwa wodi, bado ilikuwa ni mlango wake kando. Dunia nayo ilikuwa inabadilisha mawazo. Mwaka wa 1975 kamati ya wataalamu ya WHO, shirika lile lile lililomchapisha Carothers, ilisema nchi kama zetu zisisubiri kujenga hospitali kubwa za akili, huduma ziwekwe ndani ya afya ya kawaida, karibu na watu. Mwaka wa 1978, huko Alma-Ata, nchi za dunia zikatia sahihi tamko kuhusu afya ya msingi: dispensari kwanza, kijiji kwanza.

Na 1979 kukatoka utafiti mdogo ambao naona ungestahili kufundishwa shuleni. Madaktari wawili wa Chuo Kikuu cha Nairobi, David Ndetei na Joseph Muhangi, hawakukaa kwenye geti la Mathari. Walienda kwenye kliniki ya kawaida ya mashambani, ile watu wanaingia kwa miguu na kikohozi chao, wakawaangalia wagonjwa waliokuwa kwenye foleni. Walipata kwamba mmoja kati ya watano alikuwa na ugonjwa wa akili. Asilimia 20. Watu ambao hawangekanyaga Mathari maisha yao yote, na ambao hawakuja wakisema "daktari, nina shida ya akili". Walikuja na mwili. Kichwa kinauma, mgongo, moyo unaenda mbio, tumbo.

Yule mama amepatikana. Alikuwa kwenye foleni ya dispensari, ameshika kadi.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu mambo ya foleni ndiyo tunayaishi. Watu husema Waafrika hawana lugha ya kuongelea hisia, ndiyo maana wanaleta tumbo. Mimi sikubali. Lugha tunayo tele. Mtu anakwambia "niko na mawazo mingi", "moyo ni mzito", "roho inanisumbua", "usingizi umenihama", "mwili umekosa nguvu", "kichwa inanigonga nikianza kuwaza". Hiyo yote ni lugha ya huzuni na wasiwasi, na ni lugha safi. Wengine hutumia sonona, neno linalosikika zaidi Tanzania, wengine wanasema msongo wa mawazo, sisi wa mtaa tunasema tu dipresheni au stresi. Maneno hayajawahi kuwa shida. Shida ni kwamba ukiyasema mbele ya meza ya daktari, hakuna kisanduku cha kuyaandika.

Angalia vile siku inaenda kwenye kituo cha afya chochote cha serikali mjini. Umefika saa moja asubuhi kupata namba. Unapimwa presha, uzito, joto, inaandikwa. Unakaa kwenye benchi masaa mawili, matatu. Ukiingia, aliyekaa pale, mara nyingi afisa wa kliniki ambaye sisi wote tunamwita tu daktari, amehudumia watu hamsini na bado wako wengine nje. Mlango uko wazi nusu, mgonjwa anayekufuata ameshaingiza kichwa. Unaulizwa, "Unaumwa wapi?" Sikiza hilo swali vizuri. Ni swali la kuonyesha kwa kidole. Huwezi kuonyesha kwa kidole kwamba tangu ufukuzwe kazi hujalala usiku mzima. Kwa hivyo unaonyesha kichwa. Unapewa Panadol, labda na dawa ya vidonda vya tumbo, na kama una bahati unaongezewa ushauri wa bure: punguza mawazo.

Punguza mawazo! Kama vile ni chumvi kwenye mboga.

Wiki mbili baadaye uko hapo tena, na kichwa kile kile. Unapimwa malaria, hakuna. Unapimwa taifodi, na ukiangukia kliniki fulani za kibinafsi, taifodi haikosekani. Doo zinaisha. Nyumbani wanaanza kusema umerogwa au unajifanya. Na faili yako, ukiisoma, ni ya mtu mwenye maumivu ya kichwa.

Kuna namba zinazoonyesha hii sio kisa cha mtu mmoja. Miaka thelathini baada ya ule utafiti wa kwanza, Ndetei na wenzake walichapisha mwingine mkubwa zaidi, 2009. Walienda kwenye hospitali na vituo kumi vya kawaida, vya ngazi tofauti, wakawapima wagonjwa watu wazima 2,770. Asilimia 42 walikuwa na dalili za dipresheni, kuanzia ndogo mpaka nzito. Halafu wakafungua mafaili waone madaktari walikuwa wameandika nini. Waliokuwa wameandikiwa shida yoyote ya akili ni 114. Asilimia 4.1.

Weka hizo namba mbili kando kwa kando. Carothers hakuwa peke yake asiyeona. Yeye alikuwa na nadharia mbaya. Hawa wa 2009 walikuwa Wakenya wenzetu, wengi wao watu wa roho safi, na hawakuona pia, kwa sababu kituo hakikuundwa ili waone. Nadharia ikafa, samani zikabaki.

Unaweza kusema suluhisho ni rahisi, wafundishe wahudumu. Ilijaribiwa, na matokeo yake ni moja ya vitu vya ajabu nilivyowahi kusoma. Kati ya 2005 na 2010 Wizara ya Afya, pamoja na KMTC na wataalamu wa Uingereza, iliwapa wahudumu zaidi ya 1,800 wa vituo vya chini mafunzo ya afya ya akili ya siku tano, kama masaa 40 hivi. Baadaye watafiti wakafanya jaribio rasmi: vituo vingine vipate mafunzo, vingine visubiri, walinganishe. Matokeo yakatoka 2013. Je, waliofundishwa waligundua wagonjwa wengi zaidi? La. Hakukuwa na tofauti ya maana katika kugundua. Kwa hivyo mafunzo yalifeli?

Ngoja. Wakaangalia wagonjwa wenyewe. Wale waliohudumiwa kwenye vituo vilivyofundishwa walikuwa wamepona zaidi. Walikuwa wanajimudu zaidi, na maisha yao yalikuwa afadhali kuliko wa vituo vingine. Jina la ugonjwa halikuandikwa kwenye faili, lakini mtu alitoka akiwa afadhali.

Nimewaza sana hii kitu. Watafiti wenyewe waligusia uwezekano kwamba kilichobadilika ni vile wahudumu walivyoongea na watu. Mimi naamini hivyo. Ukimfundisha mtu siku tano kwamba mgonjwa wa kichwa anaweza kuwa na jambo, hata kama hataandika chochote, atauliza swali moja zaidi. Ataacha kuangalia saa. Mgonjwa atamaliza sentensi yake. Sisi ambao tumewahi kukaa kwenye lile benchi tunajua tofauti ya kuhudumiwa na mtu aliyekutazama usoni na aliyeandika huku anaita "next". Inaonekana hiyo tofauti inapimika.

Lakini usidhani nasema tabasamu linatosha. Mtu mwenye ugonjwa mzito wa akili anahitaji dawa, na anahitaji dawa hiyo iwe kwenye kabati la kituo chake mwezi huu na mwezi ujao. Kusafiri kila mwezi kwenda hospitali kubwa kwa vidonge vya bei ndogo ndiko kunafanya watu waache dawa, halafu tunashangaa wamerudi barabarani.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya aibu hadharani. Mwaka wa 2011 CNN ilionyesha filamu kuhusu Wakenya wenye matatizo ya akili waliofungiwa, na mwaka huo huo tume ya haki za binadamu, KNCHR, ikatoa ripoti kali kuhusu mfumo mzima kuachwa. Mei 2013 wagonjwa 40 wakatoroka Mathari, na wasee wakatengeneza jokes wiki nzima. Mwaka wa 2017 Mkaguzi Mkuu wa Serikali akaandika kwamba kati ya hospitali 284 za ngazi ya 4 kwenda juu, huduma za akili zilikuwa kwenye 29 pekee. Hiyo ni ngazi ya 4 na kuendelea. Dispensari na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, ambako wewe na mimi tunaenda, hata haviko kwenye hesabu. Mwaka wa 2020 jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga likapendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa.

Na kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kimekaa kati ya mgonjwa na mhudumu muda huo wote. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema kujaribu kujiua ni kosa la jinai, adhabu yake mpaka miaka miwili. Sasa fikiria msichana wa miaka 19 ameletwa kituoni usiku na dadake baada ya kujaribu. Nesi anatakiwa amtibu, na pia anajua kuna OB mahali inamsubiri. Dada naye anajua. Kwa hivyo wanadanganya, wanasema alikunywa kitu kwa bahati mbaya, anasafishwa tumbo, anaenda nyumbani na kile kilichomleta. Rekodi inasema ajali. Yaani ule mlango wa 1910, polisi kwanza na daktari baadaye, ulikuwa bado wazi mpaka juzi tu: Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. (Na kama ni wewe uko mahali pabaya sasa hivi, laini ya 1199 ya Red Cross ni ya bure.)

Sasa nije kwetu sisi vijana, kwa sababu najua kuna mtu anafikiri dispensari ni ya watu wazima na watoto. Mwaka wa 2018 kulichapishwa utafiti uliofanywa kwenye kituo cha afya cha Kangemi, kliniki ya kawaida ya wajawazito. Waliongea na wasichana 176 wajawazito, wa umri wa shule ya upili. Karibu theluthi moja, asilimia 32.9, walikuwa na dipresheni ya kiwango kinachohitaji matibabu. Hawa wasichana walikuwa tayari ndani ya kituo. Tayari wamepata kadi, wamepimwa damu, presha, mkono umezungushiwa utepe. Hakuna aliyehitaji kuwatafuta. Kilichohitajika kuwajua ni fomu ya maswali tisa na mtu wa kuyauliza kwa lugha wanayoielewa.

Kuna watu wanapinga kuleta hizi huduma mtaani, na wana hoja ambayo haifai kurukwa. Nesi wa kituo chako anamjua mamako. Wanaenda chama moja, kanisa moja. Thika Road ni mbali, lakini umbali una faida yake, hakuna anayekujua. Msichana wa Kangemi anaweza kupendelea kulia mbele ya mtu ambaye hatakutana naye kwa duka Jumamosi.

Tunalo somo kuhusu hilo, tulilisoma kwa uchungu. Ukimwi ulitangazwa janga la kitaifa 1999, na miaka iliyofuata zikajengwa kliniki zake ndani ya hospitali zetu, CCC, na rejista zake na washauri wake. Zilifanya kazi kubwa, watu wengi wako hai kwa sababu yake. Lakini uliza mtu yeyote aliyechukua dawa zamani: ule mlango wenyewe ulikuwa unaongea. Ukionekana umekaa upande ule wa jengo, mtaa umeshajua. Wengine walipanda matatu mbili kwenda kuchukua ARV wilaya nyingine na hali kituo kiko nyuma ya nyumba. Kwa hivyo mlango wa pekee haukufichi, unakuonyesha. Foleni ya kawaida ndiyo inaficha vizuri, kwa sababu kila mtu yuko hapo na hakuna anayejua umekujia nini. Ila siri ya foleni inaisha ukishaingia chumbani kama mlango haufungiki na nesi ana mdomo. Hiyo sehemu haitatuliwi na sera.

Zimbabwe walilitatua kwa njia yao. Daktari Dixon Chibanda, mmoja wa madaktari wachache sana wa akili nchini humo, alianza mwaka wa 2006 katika mtaa wa Mbare, Harare. Hakuwa na chumba wala manesi wa ziada. Alipewa kina nyanya 14 waliokuwa wahudumu wa kujitolea, na nafasi ya nje ya kliniki. Wakaweka mabenchi chini ya miti. Mwanzoni yaliitwa benchi la afya ya akili na hakuna aliyetaka kukalia. Kina nyanya ndio waliosema jina lenyewe linafukuza watu, liitwe benchi la urafiki. Watu wakaja. Huwa hawaambiwi wana dipresheni. Wanaulizwa kama wana kufungisisa, neno la Kishona la kuwaza kupita kiasi. Sisi tungesema mawazo mingi. Jaribio lililochapishwa 2016, kwenye kliniki 24 na watu 573, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita asilimia 14 ya waliokaa na kina nyanya bado walikuwa na dalili za dipresheni. Kwa wale waliopata huduma ya kawaida ilikuwa asilimia 50.

Hapa Nairobi pia kuna la kujivunia. Jaribio la 2017 liliwatumia wahudumu wa afya wa kijamii, watu wa mtaani wasio na digrii, kukaa na wanawake waliopitia dhuluma za kijinsia, vikao vitano kila mmoja. Wanawake 421 walishiriki, na waliopata vikao hivyo walipungukiwa na dhiki kuliko wale waliopata huduma ya kawaida ya kituo. Makueni nako timu ya Ndetei iliwaketisha pamoja manesi, wahudumu wa jamii, waganga wa kienyeji na wachungaji, wafundishwe kutambua na kuelekezana wagonjwa. Waganga na wachungaji, ndio. Ukitaka kumpata mtu, nenda mahali anapoanzia.

Kwa hivyo ujuzi tunao, tena wa kwetu, na umekuwepo tangu 1979. Kinachonikera ni vile kila baada ya miaka kumi tunaugundua upya, tunaandika ripoti yenye jalada zuri, na mfadhili akiondoka mradi unaondoka naye. Makaratasi hayajawahi kukosekana: kuna sera ya 2015 mpaka 2030, kuna sheria mpya ya 2022 inayozipa kaunti majukumu. Mwezi wa Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 walizinduliwa na mikoba yao, mashine ya presha ndani, ya sukari ndani. Mwezi uliofuata sheria nne za afya zikatiwa sahihi, na tangu Oktoba 2024 tuko kwa SHA.

Mimi siko kwa wale wanaosema basi nesi aongezewe tu na hii. Nesi yuleyule anapima watoto, anazalisha, anajaza rejista kumi, na mara nyingine anadai mshahara. Ukimpa na kazi ya kusikiliza bila kumpunguzia nyingine, atafanya kile mtu yeyote angefanya, atauliza maswali tisa kama anasoma risiti. Masaa 40 ya mafunzo yalibadilisha wagonjwa kwa sababu mhudumu alipewa nafasi ya kuwaza juu ya mtu aliye mbele yake. Dakika ishirini za kusikiliza ni kazi, na kazi inalipwa. Ama kituo kinalipwa kwa hizo dakika, ama hazitakuwepo, na kina nyanya wa mtaa wetu pia wasiambiwe ni wito.

Afya iko chini ya kaunti tangu 2013, na makadirio ya bajeti ya kaunti lazima yafike kwenye bunge la kaunti kabla ya Aprili 30 kila mwaka. Kabla hayajapitishwa kuna kikao cha maoni ya wananchi. Hujaa wazee na MCA mmoja, soda zikiwa zimepangwa mezani. Ukienda, huhitaji hotuba. Taja kituo cha mtaani kwenu kwa jina na uulize ni wahudumu wangapi wa pale wamefundishwa afya ya akili, dawa za dipresheni na kifafa zimekosekana miezi mingapi mwaka huu, na kama kuna chumba kimoja chenye mlango unaofungika.